Kuwapeleka wanafunzi Kijiji cha Makumbusho kwa daladala: pale kituoni tupite vipi?

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha shule ya msingi huku Gongo la Mboto, na muhula huu nimekusudia kuwapeleka wanafunzi wapatao 40 wa darasa la tano Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama. Wengi wao wamezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, nyumba wanazozijua ni za matofali na bati, na kila ninapowachorea msonge na tembe ubaoni naona wazi kwamba wanakariri majina ili wakajibu mtihani. Ninataka wainame wapite kwenye mlango wa msonge wenyewe, waguse ukuta, waangalie juu waone jinsi fito zilivyofungwa.

Kikwazo ni usafiri. Tulikaa na wazazi, wakaipenda safari, lakini fedha ya kukodi basi zima haikutimia, na sitaki mtoto abaki nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuwa na mchango. Daladala za Gongo la Mboto–Makumbusho zipo na zinaishia jirani kabisa na kijiji hicho, kwa hiyo nimeamua tupande hizo. Walimu wenzangu wananishangaa. Wanasema kituo kile ni msongamano mtupu, kwamba watoto watapotea katikati ya magari na kwamba makonda hawatakubali kupakia darasa zima kwa nauli ya wanafunzi.

Ninaomba msaada wa wanaokifahamu kituo. Tufike saa ngapi? Tukishuka, watoto wapite upande gani? Je, siku hiyo hiyo tunaweza kuunganisha mpaka Makumbusho ya Taifa kule Posta? Na jioni tutarudije, wakati watu wazima wenyewe wanapita madirishani kugombania siti?

Dereva, zamani konda

Mwalimu, pole na majukumu. Nilianza ukonda wakati daladala zikiishia Mwenge, na tulipohamishiwa Makumbusho mwaka 2014 nilikuwemo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona kila siku.

Kwanza nikueleze kwa nini konda anakwepa wanafunzi, maana ukilijua hilo utajua pia namna ya kuongea naye. Sisi tunapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, gari lijae lisijae. Nauli ya mtu mzima kwa umbali usiozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600 mwezi Desemba 2023, na kwa ruti ndefu kama yenu ni zaidi ya hapo, ilhali mwanafunzi analipa 200. Asubuhi ya saa kumi na mbili, siti moja ikikaliwa na mwanafunzi, konda anaihesabu kuwa ni hasara, na hapo ndipo lugha mbaya inapoanzia. Sisemi kwamba ni haki, kwa sababu mtoto ana haki ya kupanda kama abiria mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba ikishafika saa tatu na nusu abiria wa kazini wamekwisha, magari yanakaa foleni kusubiri zamu, na dereva yule yule aliyewafungia mlango alfajiri atafurahi kuondoka na gari lililojaa mara moja bila kupiga debe.

Kwa hiyo nenda kituoni Gongo la Mboto siku moja kabla, mchana, wakati wa utulivu. Mwulizie msimamizi wa kituo, mweleze idadi yenu na siku mnayosafiri. Watoto 40 pamoja na walimu hawaenei kwenye kosta moja wote wakiwa wamekaa, na usikubali wasimame kwa safari ndefu namna hiyo. Omba magari mawili yanayofuatana kwa zamu. Kila gari liwe na mwalimu mmoja mlangoni karibu na konda na mwingine siti ya nyuma.

Sasa kuhusu kushuka, na hapa nakuomba unisikilize sana. Kuna tabia ya kushusha abiria gari likiwa bado kwenye foleni ya kuingia kituoni, ili konda aanze mapema kuita abiria wa kurudi. Mtu mzima anaruka, anaenda zake. Watoto wasishuke hapo. Mwambie dereva kabla hamjaondoka kwamba mtashukia ndani, gari likiwa limesimama na kuzimwa. Mkishashuka msikatize katikati ya magari yaliyopaki, hata kama njia hiyo inaonekana fupi, kwa sababu magari yetu hutoka kwa kurudi nyuma, dereva anategemea konda anayepiga bodi kwa kiganja kumwashiria aende au asimame, na mtoto wa darasa la tano akipita nyuma ya kosta kioo cha pembeni hakimwonyeshi kabisa. Zungukeni pembezoni, nyuma ya meza za wafanyabiashara, hata kama ni mwendo mrefu zaidi.

Mzazi wa Ukonga

Mwalimu, nakuheshimu kwa moyo wako, lakini mimi kama mzazi ningependa muahirishe mpaka fedha ya basi itimie. Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la nne aliwahi kusahauliwa kituoni katika ziara ya shule, si Makumbusho bali kituo kingine, na ingawa alipatikana salama kwa msaada wa mama lishe mmoja, hofu ile haijanitoka. Mtoto mmoja akipotea, ziara nzima haina maana tena.

Mwongoza wageni

Ninafanya kazi ya kuongoza wageni katika maeneo ya makumbusho hapa jijini, na shule nimezipokea za kila aina, zinazokuja na mabasi ya viyoyozi na zinazokuja kwa miguu kutoka Sinza na Kijitonyama. Hofu ya mzazi aliyetangulia ni ya haki. Dawa yake ni makundi madogo: watoto wanane au kumi kwa mtu mzima mmoja, na mtu mzima huyo awe na majina yao mkononi. Wazazi wawili watatu wakijitolea kuja, mwalimu atakuwa na makundi manne au matano yaliyokamilika. Kundi likishuka lisisubiri lenzake kituoni. Liende moja kwa moja mpaka ndani ya lango la kijiji, upande wa Barabara ya Bagamoyo, na hesabu ifanyiwe humo, penye miti na uzio. Piga simu mapema useme mnakuja, ili mpangiwe mtu wa kuwaongoza.

Mwalimu, naomba nikushauri pia kuhusu mtakachokiona, kwa sababu shule nyingi huharibu ziara kwa kutaka kuzunguka nyumba zote. Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1966 ili kuhifadhi nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zikiwa zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na ukizipita zote kwa saa moja mtoto atakumbuka kwamba aliona nyasi na udongo, basi. Chagua mbili. Anza na msonge wa Wachaga. Paa lake linashuka mpaka karibu na ardhi, na ndani watu na mifugo walilala chini ya paa moja, kwa sababu usiku wa mteremko wa Kilimanjaro ni wa baridi na kwa sababu samadi ya ng'ombe aliyefungwa ndani ndiyo iliyolisha migomba iliyozunguka nyumba. Wakae humo dakika kumi bila kusema neno, macho yazoee giza, kisha uwaulize wanaona nini. Majibu yanayotoka hapo hayafanani na ya darasani hata kidogo.

Kisha wapeleke kwenye tembe la Wagogo. Nyumba ni fupi, ya pembe nne, na paa lake ni bapa, la miti iliyopangwa na kufunikwa udongo. Waulize kwa nini huku paa limesimama na huku limelala. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, nyasi ndefu za kuezekea ni adimu na upepo ni mkali, kwa hiyo paa la udongo lilimfaa Mgogo, naye aliweza hata kuanika nafaka juu yake. Lakini tembe lile sasa limesimama Kijitonyama, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000, na kila masika yakipita udongo unahitaji kukandikwa upya. Mtoto akiona ufa na akaelezwa umetokana na nini, amejifunza jiografia, ufundi na kazi ya makumbusho kwa mara moja. Hapo ndipo mtakapotumia muda wenu vizuri zaidi, naomba msipafupishe kwa ajili ya kukimbilia mjini.

Kama mtachelewa kidogo, ulizia ngoma. Kwa kawaida huchezwa mchana kuelekea jioni, na watoto hukaribishwa kuingia uwanjani.

Mpenzi wa historia, Upanga

Nijibu swali la kuunganisha mpaka Posta. Kwa siku moja, na watoto wa umri huo, hapana. Fanyeni safari nyingine, nayo ipangwe kwa namna yake, kwa sababu kutoka kituo cha Makumbusho kwenda mjini ni mwendo wa kilomita 10 hivi, na foleni ya Morocco na Salender haina mwenyewe.

Lakini siku mtakayokwenda, msiishie kwenye lango la Makumbusho ya Taifa tu. Mkishuka Posta Mpya, waonyesheni kwanza Sanamu ya Askari katika Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia, yenye maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mahali hapo hapo, kabla ya mwaka 1916, palisimama sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann. Halafu fuateni Samora kwa miguu kuelekea Bustani ya Mimea, mpite karibu na Ukumbi wa Karimjee ambako Bunge lilikuwa likikutania, na mtaingia Mtaa wa Shaaban Robert penye Makumbusho yenyewe. Yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano, na leo ndiyo yenye dhamana ya fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Pana pia kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 hapa Dar es Salaam. Njia yote hiyo ni ya kutembea, na ni somo kamili kabla hata ya kukata tiketi.

Mpangaji miji

Ningependa kuongeza jambo ambalo mwalimu hakuliuliza, ila ndilo lililoleta swali lake.

Kijiji cha Makumbusho kilipoanzishwa, eneo lile lilikuwa nje kabisa ya mji. Katika sensa ya mwaka 1967 Dar es Salaam haikufikisha watu laki nne. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Mji ukalifikia eneo lile, ukalipita, ukaenda mpaka Bunju, na kituo kikubwa cha daladala kikawekwa ubavuni mwa makumbusho kwa sababu nafasi ilipatikana hapo na Mwenge palikuwa pameelemewa. Kilipangwa kwa kuhesabu magari: yaingie mangapi, yageuzie wapi, yatokee wapi. Abiria alifikiriwa kama mtu anayetoka kwenye gari hili na kuingia kwenye lile. Mtu anayeshuka hapo kwa sababu amekuja kutazama kilicho ng'ambo ya uzio hakuchorewa njia, na ndiyo maana dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi analazimika kumshauri mwalimu awapitishe watoto nyuma ya meza za wafanyabiashara.

Sioni kwamba dawa ni kukiondoa kituo. Ni bahati kubwa kwa makumbusho kuwa na kituo mlangoni, kwa sababu mtoto wa Gongo la Mboto, Temeke au Tegeta anafika kwa gari moja bila kubadilisha. Kinachokosekana ni kitu kidogo: njia ya waenda kwa miguu yenye kingo, inayoanzia pale magari yanaposhushia na kuishia kwenye lango, pamoja na kibao kinachoelekeza. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje. Barabara ya Bagamoyo imo katika awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka, na huu ndio wakati wa kulisemea jambo hili, kabla vivuko na vituo havijazoeleka vilivyo.

Mswahili wa Brisbane

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, sasa naishi Brisbane, Australia, ambako Wakongo na Warundi tunaozungumza Kiswahili ni wengi kiasi. Aliyoyasema mpangaji miji nayaona hapa kwa macho. Kuna kituo cha mabasi kiitwacho Cultural Centre, katika barabara maalumu ya mabasi iliyofunguliwa sehemu yake ya kwanza mwaka 2000. Kimezungukwa na makumbusho ya jimbo, jumba la sanaa na ukumbi wa maonyesho, na madaraja ya waenda kwa miguu yanayapita magari kwa juu, kwa hiyo mtu anaingia kwenye majumba hayo bila kukutana na gurudumu la basi. Tangu mwaka 2021 hata daraja la Victoria lililo kando yake halipitishi tena magari binafsi.

Hata hivyo kituo hicho nacho hufurika asubuhi na jioni, mabasi yakipanga mstari kusubiri nafasi ya kusimama, kwa hiyo msidhani kwamba fedha humaliza kila kitu. Tofauti ninayoiona ni kwamba huku anayekwenda kutazama picha alihesabiwa kuwa abiria tangu mwanzo. Watoto wangu walianza kwenda kwenye makumbusho hayo kwa sababu basi la kwenda mjini linasimama hapo, si kwa sababu mtu yeyote aliwapangia ziara.

Mchongaji wa Mwenge

Mwalimu, kama muda utabaki, Mwenge ni karibu na Makumbusho, na sisi wachongaji tunapokea wanafunzi bila kuwatoza chochote. Waone gogo la mpingo kabla halijaguswa, magamba yake ya kijivu na kiini chake cheusi, waone jinsi tezo inavyotoa umbo la kwanza kabla ya patasi na msasa. Wengi hudhani weusi ule ni rangi au kiwi. Mkija, niambieni mapema niache kipande ambacho hakijamalizika.

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mzazi wa Ukonga, nimekusoma zaidi ya mara moja, na hofu yako nimeibeba. Sitaahirisha, kwa sababu darasa hili likipanda la sita ratiba ya mitihani haitatuachia siku, lakini sitasafiri bila wazazi wanne wa kujitolea, na kama hawatatimia nitapunguza idadi na kuwapeleka kwa awamu mbili. Nitachukua nyumba mbili kama alivyoshauri mwongoza wageni. Posta tutakwenda muhula ujao, na Mwenge tutapitia siku hiyo hiyo ya Posta.

Limebaki swali la jioni tu. Ndugu dereva, tuondoke kijijini saa ngapi?

Dereva, zamani konda

Mwalimu, muwe kituoni saa nane mchana, isizidi saa nane na nusu. Mkitaka kusubiri ngoma, mjue mnaingia kwenye saa mbaya. Kuanzia saa kumi abiria huanza kugeuza na gari: mtu anapanda vituo vya nyuma wakati gari linakuja kushusha, analipa nauli mara mbili, ili likifika Makumbusho awe tayari amekaa. Gari linaingia kituoni likiwa limeshajaa, na wanaosubiri pale hukimbilia madirisha kama ulivyoeleza. Watoto 40 hawana nafasi katika hali hiyo, na hakuna konda atakayewasaidia wakati huo hata akitaka.

Saa nane magari ya Gongo la Mboto yanakuwa yamesimama kivulini, madereva wanakula. Mtafute dereva aliyewaleta asubuhi, au umwombe namba yake mnaposhuka. Mimi mwenyewe siku za katikati ya wiki huwa kwenye ruti hiyo hiyo, na ukinijulisha tarehe humu nitazungumza na wenzangu wawili wanipishe zamu, ili magari yenu yaondoke yakifuatana na yasikatishe ruti njiani mpaka yamewafikisha.